Kibubu cha siku 31

Asubuhi ya Busia huanza na mafungu. Upande wa Kenya na upande wa Uganda, jua halijapanda, akina mama wameshatandika magunia na kupanga nyanya, vitunguu na maembe chini. Sheria ya fungu haikuandikwa na mtu yeyote, lakini hakuna asiyeijua: mafungu ya bei moja lazima yalingane. Mteja akiona hili lina nyanya tano na lile lina nne, mazungumzo ya bei yamekwisha na mabishano yameanza. Ndiyo maana mwenye nyanya 60 hana wasiwasi. Akipenda atapanga mbilimbili, tatutatu, nnenne, tanotano au sitasita, na hakuna hata moja itakayobaki mkononi.

Sasa nyanya moja ipasuke njiani, juu ya boda boda. (Neno lenyewe lilizaliwa hapa mpakani miaka ya 1960, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine.) Zimebaki 59. Akipanga mbilimbili, inabaki moja. Tatutatu, zinabaki mbili. Nnenne, zinabaki tatu. Tanotano, nne. Sitasita, tano. Hata akijaribu saba saba, zinabaki tatu. Atahangaika mpaka soko lifungwe, kwa sababu 59 haikubali mafungu sawa ya aina yoyote. Ama auze nyanya moja moja, ama azifanye zote fungu moja, ama ampe mteja wa mwisho nyongeza.

Tororo mambo ni hayohayo, ila mizigo ni mizito zaidi. Mji huo, wenye mwamba mkubwa uliosimama juu ya nyumba kama mlinzi, unajulikana kwa saruji. Lori la tani 30 hubeba mifuko 600 ya kilo 50. Mifuko 600 hupangika vizuri: safu 20 za mifuko 30, safu 24 za mifuko 25, na mhesabuji huhesabu upande mmoja, akahesabu wa pili, akazidisha. Mfuko mmoja ukipungua, 599 haiwezi kupangwa ikawa mraba wala mstatili wowote. Ukingo utakuwa na pengo tu. Mpakizi mzoefu hahitaji kuhesabu, pengo limeshamwambia.

59 na 599 ni namba tasa, yaani namba zisizogawanyika kwa namba nyingine isipokuwa moja na zenyewe. Leo nataka tukae na ndugu yao mkubwa, ambaye nimemfuatilia kwa miaka kwa mapenzi ambayo sioni haja ya kuyaficha: 2,147,483,647. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Imo ndani ya kompyuta za ofisi za forodha, imo kwenye saa za mashine, na unaweza kuifikia bila kompyuta, kwa kibubu tu na mwezi mmoja wa subira.

Fanya hivi. Tarehe mosi, tia shilingi moja kwenye kibubu. Tarehe 2, tia mbili. Tarehe 3, nne. Tarehe 4, nane. Kila siku unatia maradufu ya jana. Tuhesabu kwa shilingi ya Kenya, maana kwa ya Uganda sarafu ya shilingi moja haipo mikononi mwa watu. Siku za kwanza ni mchezo wa watoto: mwisho wa wiki kibubu kina shilingi 127. Tarehe 11 unatia 1,024. Tarehe 21 unatakiwa kutia zaidi ya milioni moja, na hapo wengi wetu tutakuwa tumeshatoroka. Lakini mtu asiyechoka akifika tarehe 31, kibubu kitakuwa na 2,147,483,647 kamili, bila kupungua wala kuzidi hata senti.

Kwa nini kamili hivyo? Kwa sababu kila jioni jumla ya kibubu hupungukiwa na shilingi moja tu kufikia kile utakachotia kesho. Jioni ya tarehe 3 una 1 na 2 na 4, yaani 7. Kesho unatia 8. Jioni ya tarehe 4 una 15, kesho 16. Kwa hiyo namba yetu ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 31, kisha ikapunguzwa moja. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kabla ya kupunguza, una 2,147,483,648, namba laini kuliko zote, inayokatika nusu kwa nusu hata mara 31. Ondoa shilingi moja tu na hakuna chama cha akiba, kiwe na watu wawili au milioni moja, kitakachoweza kugawana hazina hiyo sawasawa.

Je, ni lini kibubu kinagawanyika na ni lini hakigawanyiki? Swali hili ndilo lililonifanya nipende hesabu. Chukua tarehe 6. Siku tatu za kwanza zimeleta 1, 2 na 4, jumla 7. Siku tatu zinazofuata zimeleta 8, 16 na 32, jumla 56, ambayo ni saba mara nane. Kumbe kila kundi la siku tatu linaleta saba iliyokuzwa! Jumla ya siku sita, 63, lazima igawanyike kwa 7. Vivyo hivyo kwa tarehe yoyote inayoweza kugawanywa makundi sawa: 4, 6, 8, 9, 10 na kuendelea. Tarehe ikikubali mafungu, kibubu nacho kinakubali mafungu. Zinabaki tarehe zisizokubali: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na 31.

Kwa muda mrefu watu wenye akili walidhani kazi imeishia hapo, kwamba tarehe ikiwa tasa basi kibubu ni tasa. Ukianza kujaribu unaona mambo yanakwenda: 3, 7, 31, 127, zote tasa. Kisha inafika tarehe 11. Kibubu kina 2,047. Ukiitazama haraka utaapa kwamba haigawanyiki. 2 haiingii, 3 haiingii, 5, 7, 11, 13, 17 wala 19. Lakini waite watu 23 na kila mmoja ataondoka na shilingi 89. Tarehe 11 imetudanganya. Inafuata 13, kweli; 17, kweli; 19, kweli; halafu 23 inadanganya tena, maana 8,388,607 ni 47 mara 178,481. Tarehe 29 nayo inadanganya, jumla yake ikivunjika kuwa 233 mara 1,103 mara 2,089. Katika mwezi mzima kuna tarehe 11 zilizo tasa, na kati ya hizo nane ni za kweli na tatu ni za uongo. Februari ya mwaka mrefu, yenye siku 29, kibubu chake kinagawanyika. Aprili, Juni, Septemba na Novemba, zenye siku 30, vyao vinagawanyika ovyo. Januari yenye siku 31 ndiyo inayokataa.

Sasa watazame wale walioingia na kuvunja vibubu. Tarehe 11 ilivunjwa na 23 na 89. Gawanya 23 kwa 11: baki ni 1. Gawanya 89 kwa 11: baki ni 1. Tarehe 23 ilivunjwa na 47, na 47 kwa 23 baki ni 1. 178,481 kwa 23, baki ni 1. Tarehe 29 ilivunjwa na watatu, 233, 1,103 na 2,089, na kila mmoja ukimgawanya kwa 29 anaacha baki 1. Hii si bahati. Mwizi wa kibubu daima huacha alama ya tarehe aliyoibia.

Sababu yake inaonekana ukiwakalisha watu 23 kwenye duara, wenye namba 0 mpaka 22. Anza kwa 1 na uongeze maradufu, na kila ukivuka 23 chukua baki: 1, 2, 4, 8, 16, kisha 32 inakuwa 9, 18, kisha 36 inakuwa 13, kisha 3, 6, 12, na 24 inarudi kuwa 1. Hatua 11 kamili na umerudi ulipoanzia. Duara la watu 22 waliobaki, ukimwacha sifuri pembeni, linakatika safari mbili za hatua 11, na ndiyo sababu 22 lazima igawanyike kwa 11. Jambo hili lilitambuliwa na Mfaransa Pierre de Fermat mwaka 1640, na bado ndilo msingi wa karibu kila jaribio la namba tasa linalofanywa na mashine za leo. Kuna alama ya pili, ambayo uthibitisho wake unataka ukurasa wake peke yake: mwizi wa kibubu cha tarehe witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, akigawanywa kwa 8, huacha baki 1 au 7, hakuna mengine. Jaribu kwa 23, 89, 47 na wenzao, utaona.

Alama hizi mbili zinapunguza kazi kwa namna inayoshangaza. Tarehe 13 kibubu kina 8,191. Mtu asiyejua chochote atajaribu kugawanya kwa kila namba mpaka 90. Zaidi ya hapo hahitaji, kwa sababu 91 mara 91 imeshazidi. Lakini mwizi lazima awe witiri na aache baki 1 kwa 13, kwa hiyo washukiwa ni 27, 53 na 79 tu. Namba 27 yenyewe inagawanyika kwa 3, iache. Namba 53 kwa 8 inaacha 5, iache. Amebaki 79 peke yake. Gawanya 8,191 kwa 79: inaingia mara 103 na baki 54. Kwisha. Umethibitisha kwa mgawanyo mmoja, kwa kalamu, kwamba 8,191 ni tasa. Sijui furaha nyingine ya bei rahisi kama hiyo, na ningependa kila mtoto wa darasa la saba, awe Busia, Malaba au Tororo, aionje kabla hajaambiwa kwamba hesabu ni ngumu.

Tarehe 31 ilimngoja mwanahisabati Leonhard Euler. Wengine walikuwa wameshaitaja. Mtaliano Pietro Cataldi, aliyethibitisha vizuri tarehe 17 na 19, alidai pia kwamba 23, 29, 31 na 37 ni za kweli. Katika hizo nne alipatia moja tu, hiyo ya 31. Mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne aliiweka kwenye orodha yake mashuhuri ya mwaka 1644, orodha iliyokuwa na makosa lakini iliyozipa namba hizi jina lake mpaka leo. Kudai si kuthibitisha. Uthibitisho ulitangazwa na Euler mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg, mzee wa zaidi ya miaka 60 ambaye macho yake yalikuwa karibu yamezimika kabisa. Alama mbili zilimwambia kwamba mwizi wa 2,147,483,647 lazima awe chini ya 46,341, aache baki 1 kwa 31, na aache 1 au 7 kwa 8. Ukiwahesabu washukiwa wa aina hiyo, ukimtoa 63 ambaye si tasa waziwazi, wanabaki 372, na wengi wao nao huondoka kwa kuwa wanagawanyika. Kugawanya namba ya tarakimu kumi mara nyingi hivyo, na kila mara kuambulia baki, ni kazi ya mtu aliyeamini kwamba jibu lina thamani hata kama halimnunulii mkate.

Kwa zaidi ya miaka 80 hiyo ndiyo ilikuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani. Ilileta na mwenzake. Wagiriki wa kale walizipenda namba zilizo sawa na jumla ya vigawo vyake, ukiiacha namba yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Chukua jumla ya kibubu cha tarehe ya kweli uizidishe kwa kile ulichotia siku hiyohiyo, na utaipata namba ya namna hiyo: tarehe 2 ni 3 mara 2, yaani 6, tarehe 3 ni 7 mara 4, yaani 28, tarehe 5 ni 31 mara 16, yaani 496. Euclid alilijua hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Tarehe 31 inatoa 2,305,843,008,139,952,128. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo ndiyo itakayobaki kubwa kuliko zote milele, kwa kuwa namba hizi ni za kupendeza tu, hazina faida, na hakuna atakayehangaika kutafuta zaidi. Barlow alikosea mara mbili. Watu walihangaika, na faida ikaja.

Ilikuja kwa njia ya mashine. Kompyuta huandika kila namba kwa alama mbili, 0 na 1, kama safu ya taa zilizozimwa na kuwashwa. Kibubu chetu, kikiandikwa hivyo, ni taa 31 zote zikiwaka: siku 31, hakuna iliyorukwa. Kwa miongo mingi kompyuta zilitengewa nafasi 32 kwa kila namba, moja ya kuonyesha kama ni hasi au chanya, na 31 za namba yenyewe. Kwa hiyo namba kubwa kabisa iliyoweza kuandikwa ilikuwa ileile ya Euler. Ukiongeza moja, taa zote zinazima na ile ya hasi inawaka, na mashine inasoma kwamba una deni la bilioni mbili.

Na hapa mpaka wa Busia una la kusema ambalo Nairobi na London hazilioni. Shilingi moja ya Kenya hupata ishirini na kitu za Uganda. Vijana wanaobadilisha fedha kando ya barabara wanaijua bei ya saa hii kuliko benki. Programu ya hesabu iliyojengwa kwa nafasi 32 na kuhesabu shilingi moja moja, ikitumiwa upande wa Kenya, haitajaa mpaka mfanyabiashara avuke bilioni mbili za Kenya, fedha ambazo wachache wameziona. Ipeleke hatua chache ng’ambo ya pili, programu ileile, na itajaa kwenye shilingi 2,147,483,647 za Uganda. Hizo ni takriban dola laki sita za Marekani, noti 42,949 za elfu hamsini na chenji juu. Kwa kampuni inayovusha mahindi, saruji au mafuta ya petroli ni mauzo ya kawaida. Anayenunua programu ya hesabu upande wa Uganda aliulize hili kabla hajalipa.

Faida nyingine ya namba yetu inatokana na ule ukaidi wake. Rudi kwenye duara. Kaa kwenye duara la 7, anza na 1 na uzidishe kwa 3 kila mara ukichukua baki: 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1. Umemtembelea kila mtu bila kurudia. Fanya hivyohivyo kwenye duara la 8, ambayo si tasa: 1, 3, 1, 3, umenasa kwa wawili. Kwenye duara la namba tasa daima kuna kizidisho kinachozunguka kote. Wamarekani Stephen Park na Keith Miller walipendekeza mwaka 1988 duara la 2,147,483,647 na kizidisho 16,807, ambacho ni saba iliyozidishwa kwa yenyewe mara tano. Ukianza popote isipokuwa sifuri, utapita kwenye namba 2,147,483,646 kabla hujarudi ulipoanzia, na mpangilio wake unaonekana kama umechanganywa na upofu. Kwa njia hiyo mashine, ambazo haziwezi kurusha shilingi hewani, zimechagua bahati nasibu katika majaribio mengi ya sayansi.

Kwa siri za watu namba hii ni ndogo mno. Simu ya mkononi inawapima washukiwa wake wote kwa kufumba na kufumbua. Ujumbe wa WhatsApp ambao mfanyabiashara wa Busia anamtumia mwenzake wa Nairobi kuhusu bei ya samaki unalindwa kwenye duara la ukoo uleule lakini pana mno: mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 255, kisha zikapunguzwa 19. Hiyo nayo ni tasa, ina tarakimu 77.

Na utafutaji unaendelea. Édouard Lucas wa Ufaransa na baadaye Derrick Henry Lehmer wa Marekani walitengeneza mtihani ambao hauwatafuti wezi kabisa. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, chukua baki kwa jumla ya kibubu. Rudia hatua hiyo mara zilizo pungufu ya tarehe kwa mbili. Ukiishia na sifuri, kibubu ni tasa. Tarehe 5, kibubu 31: 4 inazaa 14, 14 inazaa 194, baki 8, 8 inazaa 62, baki 0. Ni tasa. Fanya kwa 2,047 hatua tisa na utaishia na 1,736. Si sifuri, kwa hiyo inavunjika, ingawa mtihani haukwambii nani alivunja. Kwa mtihani huu ilithibitishwa namba tasa iliyogunduliwa na Luke Durant Oktoba 2024, kwenye mradi wa kujitolea uitwao GIMPS ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Ni kibubu cha tarehe 136,279,841. Ukitia kila siku, utahitaji zaidi ya miaka 373,000 kukifikia, na jumla yake ina tarakimu 41,024,320. Programu ya mradi huo ni ya bure, na kompyuta yoyote ya shule inayolala usiku inaweza kushiriki.

Kuna jambo linaloniuma katika haya yote, nalo ni neno. Kiarabu, Kiingereza na Kifaransa huziita namba hizi za kwanza, za asili, zinazotangulia. Sisi tumeziita tasa, neno ambalo sokoni hutupiwa mwanamke asiye na mtoto, na wote tunajua linavyokata. Aliyelichagua aliona upande mmoja tu: namba isiyotoa mafungu. Lakini kila namba nyingine imezaliwa nazo. Nyanya 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5, na hakuna namna nyingine ya kuizaa. Sisemi neno libadilishwe. Vitabu vya Hisabati vya Tanzania vimelizoea, pamoja na shufwa na witiri, kigawo na kigawe, na hazina hiyo ya maneno ni ya kujivunia. Nasema anayefundisha aeleze upande wa pili, na aeleze kwa Kiswahili. Serikali ya Uganda iliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Busia haikuhitaji kuambiwa. Hapa Kiswahili ndicho kinachovuka mpaka bila pasi. Lakini katika madarasa ya juu ya shule za msingi, pande zote mbili, hesabu bado hukaririwa kwa Kiingereza, na mtoto anayejua kupanga mafungu tangu akiwa na miaka sita haambiwi kwamba ameshaijua nusu ya somo.

Nusu hiyo ni ya zamani mno kwetu. Mwaka 1950, Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward upande wa Kongo, karibu na mpaka mwingine wa Uganda, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mikato iliyochongwa kwa makundi, wenye umri wa takriban miaka 20,000. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19: namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Jumla yake ni 60. Baadhi ya wataalamu wanaona ni kalenda ya mwezi, na mimi sina ugomvi nao. Aliyechonga alikuwa akihesabu siku au mafungu, na mkono wake ulisimama kwenye namba hizo nne.

Turudi kwenye saa. Mashine nyingi huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Zile za zamani, zilizo bado ndani ya mizani, mageti na mitambo isiyobadilishwa, huzihifadhi sekunde hizo katika nafasi 32. Sekunde ya mwisho zinayoweza kuiandika ni ya 2,147,483,647. Itafika Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Busia kutakuwa bado giza. Malaba malori yatakuwa yamepanga foleni, na kwenye ofisi ya pamoja ya mpaka, ile iliyofunguliwa Busia Februari 2018 na marais wa nchi zote mbili, mtu atakuwa akigonga muhuri. Mashine ambayo haijarekebishwa itazima taa zake 31, itawasha ya hasi, na itaandika kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901, saa sita kasorobo ya usiku. Usiku huo reli kutoka Mombasa ilikuwa imebakiza siku chache kufika Kisumu. Ardhi yote ya hapa, mashariki na magharibi ya lango la leo, ilikuwa bado ndani ya himaya ya Uganda, mpaka Aprili 1902 jimbo lake la mashariki lilipohamishiwa upande wa Kenya ya leo. Kwa saa ya mashine hiyo, hapo penye foleni hapana mpaka.